Dakar, kwa Mzee Sembène

Kitu cha kwanza nilichokitambua Dakar kilikuwa farasi. Sikuwa nimewahi kufika Senegal, sina ndugu wala rafiki kule, lakini yule farasi mwembamba aliyesimama kando ya lami, amefungiwa mkokoteni wa mbao wenye matairi ya gari, nilimfahamu papo hapo. Nilikuwa nimemwona kwenye Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi ambayo Ousmane Sembène aliitengeneza mwaka 1963. Mwenye mkokoteni anatoka asubuhi kutafuta riziki. Anawabeba watu wa mtaani wasiolipa, anampa msifu wa koo senti zake za mchana, anambeba baba aliyefiwa na mtoto mchanga mpaka makaburini. Kisha bwana mmoja aliyevaa suti anambembeleza ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Askari anamkamata. Medali yake ya vita inaanguka chini na askari anaikanyaga. Mkokoteni unazuiwa, naye anarudi nyumbani na farasi peke yake, mikono mitupu. Mkewe anampakatisha mtoto, anaahidi kwamba usiku huo watakula, anatoka. Filamu haisemi anakwenda kukipata wapi hicho chakula.

"Hawa wanaruhusiwa kufika Plateau?" nilimuuliza dereva wa teksi kwa Kifaransa changu cha kuungaunga.

Alicheka. "Plateau, mjomba? Huko hata sisi wenye magari tunaingia kwa kumwomba Mungu."

Mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Nimeona bodaboda zikizuiwa kuingia katikati ya jiji, zikiruhusiwa, zikizuiwa tena. Filamu ile sikuhitaji kutafsiriwa.

Watu wengi huenda Dakar kwa ajili ya kisiwa cha Gorée, au muziki, au mpira. Mimi nilipelekwa na Sembène. Wanamwita baba wa sinema ya Afrika, sifa inayomfanya aonekane mpole kuliko alivyokuwa. Alizaliwa mwaka 1923 Ziguinchor, kusini kabisa mwa nchi, mtoto wa mvuvi; lakini bahari ilikuwa ikimtapisha, uvuvi akawaachia wengine. Shule aliiacha mapema baada ya kugombana na mwalimu. Akawa fundi mwashi, akawa makanika, akachukuliwa jeshini na Wafaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwisho akawa kuli kwenye bandari ya Marseille. Huko mzigo ulimvunja mgongo. Vitabu vya chama cha wafanyakazi vikamlea, na kuli akageuka mwandishi: riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956. Aliporudi Afrika mwaka 1960 alikuwa na jina, na alikuwa na tatizo. Watu aliokuwa akiwaandika, wavuvi, wajenzi wa reli, wake zao, hawakujua kusoma Kifaransa, na wengi hawakujua kusoma kabisa. Basi akiwa na umri wa karibu miaka 40 akafunga safari kwenda Moscow, akajifunza kazi ya kamera katika studio ya Gorky chini ya Mark Donskoy. Sinema aliiita shule ya jioni. Sisi ambao mama zetu walikwenda kwenye madarasa ya kisomo cha watu wazima, daftari kwenye mkoba wa ukindu, tunamwelewa haraka.

Nilivyomsoma na kumtazama, maisha yake yote ya kazi yalikuwa ugomvi wa mambo mawili: filamu izungumze lugha gani, na fedha zitoke mfukoni mwa nani. Ugomvi wa kwanza aliushinda. Wa pili nimeukuta Dakar, mwenyewe ameshaondoka, na bado unapiganwa.

Nilipanga chumba Ouakam, chini ya lile sanamu kubwa la shaba la Ufufuko wa Afrika lililozinduliwa mwaka 2010, kazi ya kampuni ya Korea Kaskazini. Sembène alikuwa amekwisha kufa miaka mitatu kabla. Nimefikiria mara kadhaa angelitengenezea filamu gani, na kila filamu niliyoiwaza ilikuwa ya kuchekesha.

Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyeitwa Tata na kila aliyepita mlangoni, hakutaka kusikia kwamba ninakwenda kula mgahawani. Saa nane mchana kila mtu alirudi, tukakaa chini kuzunguka sinia moja. Ceebu jën ndicho chakula chao cha taifa, na mwaka 2021 UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika: wali mwekundu wa nyanya, samaki aliyejazwa viungo vilivyotwangwa, muhogo, karoti, kabichi, bilinganya, kidogo cha samaki mkavu wa kunukia, na ukwaju. Mchele wenyewe ni chenga. Ndiyo, chenga zilezile ambazo kwetu mwenye duka huuza kwa bei ya chini, nyingine zikaishia kwa kuku. Wafaransa walizileta Senegal kutoka makoloni yao ya Indochina, na Wasenegali wakazipenda hadi leo wanazitafuta mahususi, maana zinanyonya mchuzi kuliko punje nzima. Sikuamini mpaka nilipoonja.

Adabu ya sinia ni ileile ya pwani yetu, kila mtu na upande wake, ila kuna jambo moja walilotuzidi. Samaki na mboga hukaa katikati na mama mwenye nyumba ndiye mgawaji. Tata alikuwa akimega kwa vidole na kusukuma kipande mbele ya kila mtu, bila kutazama, huku akizungumza jambo lingine kabisa. Mgeni alipata mara mbili. Mwishowe akakwangua ukoko, akaumwaga juu ya wali, na hapo heshima zikapungua.

Televisheni ilikuwa wazi muda wote, tamthilia ya Dakar: sebule zenye makochi ya dhahabu, bwana mwenye wake wawili na siri ya tatu, machozi, simu. Yote kwa Kiwolof. Mabinti wa pale nyumbani walikuwa wakiwajibu waigizaji kwa sauti. Nikamuuliza Tata kama ameona filamu ya Sembène iitwayo Mandabi.

"Ile ya mzee na hela za posta? Tuliiona zamani." Akamwelekeza mwanawe, mwanafunzi wa chuo. "Huyu hajui kitu."

Kijana hakuwa ameiona kweli. Jioni aliitafuta kwenye simu, akaangalia kidogo, akaja kunitazama kwa mshangao. "Wanaongea Kiwolof cha bibi," alisema. "Kifaransa ni kidogo sana ndani yake." Kiwolof chake mwenyewe, kile cha Dakar ya leo, huchota Kifaransa kila sentensi, kama Kiswahili cha vijana wetu wa mjini kinavyochota Kiingereza. Lakini ni Kiwolof, kiko kwenye redio, kwenye matangazo ya biashara, bungeni, kwenye makochi ya dhahabu ya tamthilia, na hakuna anayeona ajabu.

Mwaka 1968 ilikuwa ajabu. Mandabi ndiyo filamu ndefu inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuzungumza lugha ya Kiafrika. Sehemu ya fedha zilitoka Ufaransa, na wenye fedha walitaka Kifaransa; Sembène akapiga picha mara mbili, toleo la Kifaransa kwa ajili ya mkataba na toleo la Kiwolof kwa ajili ya watu wake. Lililokumbukwa ni la Kiwolof. Tamasha la Venice lilimpa tuzo mwaka huohuo.

Kisa chake ni chepesi. Ibrahima Dieng, mzee mwenye majivuno, wake wawili na hana kazi, anapokea hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia mitaa ya Paris. Ili aipokee anahitaji kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa. Ili apate cheti anahitaji kujua tarehe aliyozaliwa, na picha, na stempu, na mtu anayemjua mtu. Huku nyuma mtaa mzima umeshasikia kwamba mzee ana hela, na mikopo imeanza kuliwa. Anayemmaliza mwishowe ni ndugu msomi, mwenye gari na maneno laini, anayejitolea kumsaidia.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye foleni ya kibanda cha wakala wa fedha za simu. Mzee mmoja aliyevaa boubou la buluu alimpa binti wa kibanda simu yake amsomee ujumbe. Binti akasoma, akaomba kitambulisho, akakigeuza. "Kimeisha muda wake, baba." Kijana aliyekuwa nyuma, mwenye miwani na sauti ya upole, akasema hakuna shida, zitumwe kwenye namba yake, yeye atampa mzee taslimu palepale. Foleni nzima ilinyamaza. Mzee alimtazama yule kijana kuanzia viatu mpaka miwani, akarudisha simu mfukoni, akasema atarudi kesho na mwanawe. Kama aliwahi kuiona Mandabi sikumuuliza. Umri wa kuiona alikuwa nao. Mimi nilikumbuka foleni zetu za namba za vitambulisho vya taifa, za NIDA, mwaka ule laini zote zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, wazee wenye vidole vilivyofutwa na jembe wakiambiwa mashine haiwasomi.

Plateau nilikwenda kwa miguu. Ni mtaa wa maghorofa, benki, balozi na upepo wa bahari unaokata kona, na bado una ile hali ya kumtazama mtu viatu. Katika La Noire de..., filamu yake ya mwaka 1966, Diouana anapanda ghorofa hadi ghorofa akibisha milango kuomba kazi, kisha anakaa barabarani na wanawake wenzake mpaka mama wa Kifaransa anapokuja kuchagua. Anamchagua yeye kwa sababu hakukimbilia mbele. Anachukuliwa kwenda Antibes, anadhani atalea watoto, anajikuta mpishi, dobi na mfagiaji ndani ya fleti ambayo haimruhusu kuona Ufaransa isipokuwa kupitia dirishani. Mwisho wake ni bafuni. Kisa kilitoka kwenye habari fupi ya gazeti. Filamu ilipata tuzo ya Jean Vigo, na ina jeraha moja ambalo mtengenezaji alilijua: mawazo ya msichana huyu asiyejua kusoma yanasikika kwa Kifaransa safi, kwa sauti ya mwimbaji wa Haiti, Toto Bissainthe. Bila hilo fedha zisingepatikana. Miaka miwili baadaye ndipo akaja na Mandabi.

Nilimweleza Tata kuhusu mabinti wa kwetu, wa Tanga na Singida na Mombasa, wanaokwenda Oman na Saudia kwa mikataba ya kazi za ndani, wakifika wananyang'anywa pasi. Hakushangaa. Alinitajia nyumba, akihesabu kwa kidole ukutani, ambazo zina binti Uarabuni. Mmoja alirudi na fedha akajenga. Mmoja hawajui yuko wapi. Sembène hakuweka ndani ya filamu hiyo bwana mkatili mwenye mjeledi; aliweka watu wa kawaida wenye njaa ya chakula cha mchana, na ndiyo maana inauma mpaka leo.

Uwanja wa Uhuru uko katikati ya Plateau, na upande wake mmoja limesimama jengo la Chemba ya Biashara, jeupe, lenye nguzo. Nilikaa mbele yake nikinywa kahawa ya Touba, ile yenye pilipili ya kuchomachoma kooni, nikitafakari mwanzo wa Xala, filamu nyingine ya Sembène: wafanyabiashara Waafrika wanaingia kwa ngoma, wanawatoa Wafaransa na masanamu yao nje kwenye ngazi, kisha Wafaransa walewale wanarudi na mikoba, na ndani ya kila mkoba mna noti. Mmoja wa mabwana hao wapya, El Hadji, anaoa mke wa tatu na usiku wa harusi nguvu zinamkataa. Sitasimulia mwisho wake. Kuna mate mengi. Serikali ya Rais Senghor iliikata vipande kabla ya kuiruhusu mwaka 1975. Sembène akachapa vikaratasi vya kueleza kilichokatwa, akavigawa kwa watu. Dakika zilizokatwa zikazidi kujulikana.

Kituo cha treni ni kizuri, kimekarabatiwa, na mbele yake kuna sanamu la askari wawili, mweusi na mweupe, Demba na Dupont. Lilisimamishwa mwaka 1923, mwaka aliozaliwa Sembène. Mwaka 1983 liliondolewa kama aibu ya ukoloni, na mwaka 2004 likarudishwa kama heshima kwa askari weusi. Dar es Salaam tuna Askari wetu pale Barabara ya Samora, bunduki imeelekezwa bandarini, na hatujawahi kumhamisha wala kumjadili sana. Daladala zinampita tu. Sina hakika ni nani kati yetu na Wasenegali anayemheshimu zaidi.

Treni mpya, iliyozinduliwa Desemba 2021, inasimama Thiaroye. Ni safi na ya baridi, mlango unafungwa bila kelele, abiria wanaongea taratibu kama walioingia hospitali. Hivyohivyo tulivyofanya kwetu siku za kwanza za treni yetu mpya ya SGR. Unashuka ukiwa hujapata muda wa kujiandaa kwa unachokwenda kuona.

Alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944, jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi askari wake lenyewe katika kambi ya Thiaroye. Walikuwa Waafrika waliopigana Ulaya, wakatekwa na Wajerumani, wakakombolewa, wakarudishwa Dakar, na kosa lao lilikuwa kudai mishahara yao waliyolimbikiziwa. Ufaransa ilisema waliokufa ni 35. Miaka 70 baadaye Rais Hollande alitaja 70 au zaidi, na wanahistoria wengi wanaona hata hiyo ni ndogo. Mwishoni mwa mwaka 2024, maadhimisho ya miaka 80 yalipokaribia, ndipo Rais wa Ufaransa alipokubali kwa maandishi neno mauaji ya halaiki. Makaburi ya kijeshi yana safu za mawe meupe yasiyo na majina. Mlinzi alinifungulia, akaniacha.

Kwetu babu waliorudi kutoka Burma na KAR, kikosi cha Waingereza, walituachia hadithi za nyani, mvua na njaa. Niliposimama pale nilijikuta nikiwaza malipo yao. Hakuna babu hata mmoja niliyewahi kumsikia akisema alilipwa kiasi gani.

Camp de Thiaroye, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, ilitoka mwaka 1988 na kupata tuzo maalumu ya majaji Venice. Fedha zilitoka Senegal, Algeria na Tunisia. Hakuna pahali ambapo ugomvi wake wa pili ulionekana wazi hivi: filamu kuhusu askari walionyimwa fedha na Ufaransa isingeweza kuomba fedha Ufaransa, na Ufaransa nayo ilikaa miaka mingi bila kuionyesha. Haki inataka niseme pia kwamba hakuwa wa kwanza kuligusa jambo hilo. Boubacar Boris Diop alikuwa amekwisha kuandika tamthilia yake juu ya Thiaroye tangu mwaka 1981. Huyo Diop baadaye aliandika riwaya nzima kwa Kiwolof, Doomi Golo, mwaka 2003. Na binti wa ukoo wa sinema, Mati Diop, mpwa wa mwongozaji Djibril Diop Mambéty, alirudi kwenye fukwe hizihizi kutengeneza Atlantique, iliyochukua Grand Prix ya Cannes mwaka 2019. Mbegu zipo, hilo halina ubishi.

Kati ya Dakar na Thiès mji unaisha ghafla na mibuyu inaanza. Nilipoiona nilijisikia niko njia ya Dodoma: udongo mwekundu, mbuzi, mbuyu mmoja mnene umesimama peke yake kama mzee aliyekataa kuhama. Wao ubuyu wanautengeneza juisi nzito nyeupe yenye sukari nyingi, si pipi nyekundu za kuchafua vidole, na nadhani watoto wetu wanastahili kuijua.

Thiès ndiko ilikokuwa karakana ya reli ya Dakar hadi Mto Niger, na ndiko mgomo wa wafanyakazi wa reli ulikochemkia, kuanzia Oktoba 1947 hadi Machi 1948. Sembène aliuandikia Les Bouts de bois de Dieu, riwaya ya mwaka 1960, na kurasa ambazo hakuna msomaji anayezisahau ni zile za wanawake wanaotembea kwa miguu kutoka Thiès mpaka Dakar. Kwenye kibanda cha kahawa nilimkuta mzee ambaye baba yake alikuwa fundi karakanani. Nilimuuliza, kwa shauku ya msomaji, kama mama yake alikuwa kwenye msafara.

"Mama yangu hakwenda popote," alisema. "Alikuwa anatafuta mtama wa kutupikia. Kila mtu anayekuja na kile kitabu anataka mama yangu awe ametembea." Kisha akaongeza, bila hasira: "Lakini Ousmane aliandika vizuri. Alituweka ndani." Kitabu hakuwahi kukisoma, alisomewa na binti yake.

Yoff niliiachia mwisho. Ni kijiji cha wavuvi Walebou kilichomezwa na jiji bila kuyeyuka. Mitumbwi mirefu iliyochorwa rangi zote inavutwa mchangani, kina mama wanashindana bei za samaki miguu ikiwa majini, na juu kidogo kuna msikiti na kaburi takatifu la Walayène, jumuiya ya Kiislamu ya pale, weupe mtupu. Mtoto wa mvuvi aliyeikimbia bahari alijenga nyumba yake hapa na kuiita Galle Ceddo, nyumba ya Ceddo, akaishi humo hadi alipofariki Juni 2007.

Jina la nyumba ni uchokozi. Ceddo ya mwaka 1977 inasimulia kijiji ambacho imamu anasilimisha watu kwa nguvu, anatwaa ufalme, na mwishoni binti mfalme anampiga risasi mbele ya kadamnasi. Katika nchi ya Waislamu wengi namna hii! Senghor, rais Mkatoliki, mshairi na mtaalamu wa sarufi, aliizuia, na sababu aliyoitoa ni tahajia: sheria ya nchi ilitaka neno hilo liandikwe kwa d moja. Sembène alikataa kuondoa herufi. Filamu ikakaa kabatini hadi baada ya Senghor kustaafu. Nimeshuhudia vitabu vikizuiwa kwa sababu nyingi, lakini kwa konsonanti, hapana.

Jioni moja nilikaribishwa ataya, ile chai ya kijani inayomiminwa kutoka juu mpaka inatoa povu, raundi tatu, ya kwanza chungu na ya mwisho sukari tupu. Inachukua saa nzima na hakuna anayeomba radhi. Tulikuwa mvuvi mzee, mwalimu mstaafu, kijana anayesomea upigaji picha za sinema, na mimi. Nikauliza kuhusu Ceddo.

Mvuvi alisema hakuipenda. Mtu hawezi kuishi jirani na msikiti na kufanya jambo kama lile. Mwalimu akasema yeye ni Mwislamu swala tano na ameiona zaidi ya mara moja, na imamu wa kwenye filamu si dini, ni siasa. "Basi angemwita mwanasiasa," mvuvi alijibu. Wakabishana raundi nzima ya pili. Mvuvi alikiri kitu kimoja: kwamba mzee alikuwa akionyesha filamu zake mwenyewe, na baada ya filamu alikaa akasikiliza matusi yote. "Hakukimbia. Ukimwambia ni mbaya, anakuuliza wapi."

Hivyo hivyo alizunguka na Moolaadé, kazi yake ya mwisho, aliyoipeleka Cannes mwaka 2004 akiwa na miaka 81 na kurudi na tuzo ya Un Certain Regard. Aliipigia Djerrisso, Burkina Faso, kwa Kibambara: wasichana wanne wanakimbia ukeketaji na kujificha kwa mama mmoja, ambaye anafunga kamba mlangoni na kuwazuia ngariba kwa kamba hiyo tu. Wanaume wanakusanya redio za wake zao na kuzichoma mbele ya msikiti. Nikawaeleza habari za Mara kwetu, nyumba salama ambako mabinti hukimbilia Desemba msimu wa kukeketa unapofika. Mwalimu alitaka kujua kama filamu hiyo imewahi kuonyeshwa huko. Nilisema sidhani. Ingehitaji mtu wa kuweka sauti ya Kikurya.

"Na mtu wa kulipa," kijana alisema.

Yeye ana muswada wa filamu fupi, wa Kiwolof tupu. Lugha hakuna aliyemuuliza. Wanachomuuliza, kwenye mfuko wa Ufaransa, kwenye Taasisi ya Filamu ya Doha, kwenye ule wa Bahari Nyekundu wa Saudia, ni muhtasari kwa Kifaransa au Kiingereza, na barua ya kueleza kwa nini watu wa kule watajali. Serikali yao ina mfuko wake, Fopica, ulioanza na faranga bilioni moja, na foleni yake ni ndefu. Sembène mwenyewe alikaa miongo akiwa na mradi mkubwa wa Samori Touré, filamu ya sehemu kadhaa juu ya mfalme aliyepambana na Wafaransa, na fedha hazikutimia. Alikufa muswada ukiwa mezani. Kuna majumba mapya ya sinema mjini, moja lina jina lake, lakini lile nililoingia mimi lilikuwa na mabango ya filamu za Marekani tu, na mimi na kijana wa Tata tulikuwa karibu peke yetu.

"Kwenu nani analipa?" kijana aliniuliza.

Nikamweleza: zamani wauzaji wa Kariakoo, waliokuwa wakinunua filamu nzima kwa mkupuo na kuiuza kwenye DVD; DVD zilipokufa, televisheni na YouTube, na sasa serikali ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo kwa wasanii.

"Mkopo wa kutengeneza filamu? Wa kurudisha?"

"Wa kurudisha."

Mvuvi alicheka hadi akakohoa. "Na asipouza? Wanachukua kamera?"

Nilisema sijasikia kamera iliyochukuliwa bado. Kijana alikuwa ameshatoa simu. Aliniomba nimwandikie jina la mfuko huo herufi kwa herufi. Nikamwambia ni wa Watanzania tu.

"Andika tu," alisema.